Kukaa pembeni, karatasi, kijiwe au dodoso: njia za bei nafuu za kupima programu kwa watumiaji halisi

Kitufe kiliandikwa "Toa". Mama mmoja wa Mbagala, mweka hazina wa kikoba, nilikuwa nimempa kazi moja tu: mwanachama ameleta hisa tatu na mchango wa mfuko wa jamii, ziandike kwenye simu. Akapitisha kidole juu ya vitufe, akivisoma kimoja kimoja kwa midomo bila sauti, akabonyeza "Toa". Programu ikaandika kwamba fedha za kikoba zimepungua.

Tulipomaliza nikamuuliza, "Mama, pale ulibonyeza kwa kuwaza nini?"

"Si anatoa mchango, mwanangu?"

Alikuwa sahihi kabisa. Mtu anatoa mchango, anatoa sadaka, anatoa zaka. Akienda kwa wakala, anatoa pesa. Neno moja, pesa inakwenda pande mbili zinazopishana. Sisi wanne tuliotengeneza programu ile tuliliona neno hilo kila siku kwa miezi miwili na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu vichwani mwetu "kutoa" kulishakuwa kwa wakala tu. Yeye alitushtua kwa dakika ishirini.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya wenzangu wanaotengeneza programu wakiwa watatu au wanne, bila maabara, bila mtaalamu wa utafiti, na bila fedha za kuajiri kampuni. Njia za kupima ziko nyingi na zote husifiwa. Nimeona ni vyema kuzipima zote kwa kosa hilohilo moja: je, njia hii ingekiona kitufe cha "Toa", na ingenigharimu nini?

| Njia | Muda | Fedha | "Toa" ingeonekana? |
|---|---|---|---|
| Kukaa pembeni ya mtu na kutazama (watu 3 hadi 5) | Siku moja | Nauli na posho ndogo | Ndiyo, pamoja na sababu yake |
| Michoro ya karatasi | Nusu siku | Karibu bure | Ndiyo, hata kabla programu haijaandikwa |
| Kijiweni, kwa mtu yeyote | Saa mbili | Soda | Labda |
| Kwa mbali, kwa simu ya video | Siku mbili tatu kupangana | Bando | Ndiyo, mtandao ukikaa sawa |
| Bonyezo la kwanza | Jioni moja | Karibu bure | Ndiyo, bila sababu yake |
| Dodoso | Dakika kumi kwa mtu | Karibu bure | Hapana |

Kukaa pembeni na kutazama

Kama una nafasi ya njia moja tu, chagua hii. Unamwita mtu mmoja mmoja, unampa kazi ya kweli afanye, unakaa pembeni, unanyamaza, unaandika. Kunyamaza ndiko kugumu. Mtu anapokwama mbele yako, mkono wako wenyewe unataka kwenda kumwonyesha. Mimi hukaa nimeshika kalamu kwa mikono miwili.

Watu wangapi? Jakob Nielsen, Mdenmark aliyeanza kupigania majaribio ya bei nafuu mwaka 1989, alichapisha hesabu pamoja na Thomas Landauer mwaka 1993. Katika miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja alifichua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo. Wa pili hurudia mengi ya yule wa kwanza na kuongeza yake machache, wa tatu anaongeza machache zaidi, na ukifika kwa wa tano umeshapata kama asilimia 85. Kwa hiyo ukiwa na uwezo wa kuwaita watu 15, usiwamalize siku moja: ita watano, rekebisha, ita watano wengine, rekebisha tena, kisha watano wa mwisho.

Hesabu hiyo imepingwa, na ni haki ujue. Mwaka 2001 Jared Spool na Will Schroeder walipima tovuti za biashara kwa watu 49, na wale watano wa mwanzo walifichua kama asilimia 35 tu ya matatizo. Mwaka 2003 Laura Faulkner aliwapima watu 60, kisha akachota makundi ya watano watano kwa bahati nasibu: kundi moja liliona karibu kila kitu, jingine likaona asilimia 55 tu. Ninavyoelewa mimi, idadi ya watu inafuata ukubwa wa kitu unachokipima. Programu ya kikoba yenye skrini sita haifanani na duka la mtandaoni lenye bidhaa elfu. Kwa skrini sita, watu watatu kwa duru moja wametutosha, na ndiyo idadi anayoishauri Steve Krug wa Marekani: watatu, asubuhi moja, kila mwezi. Mimi naukubali ushauri huo kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba unatekelezeka. Mpango wa watu ishirini huahirishwa mpaka programu iko sokoni.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya huko havilisemi vya kutosha, na huku kwetu ndilo linaloharibu majaribio mengi. Ni adabu. Kijana amekuja kwa unyenyekevu, amekusalimia shikamoo, amekuonyesha kazi ya mikono yake, anakuuliza, "Mama, unaionaje?" Utamjibu nini? Utamwambia nzuri, hongera, Mungu akuzidishie. Si uongo, ni malezi. Ndiyo maana sikuulizi unaionaje. Nakupa kazi, natazama kidole chako. Kidole kikisita juu ya kitufe kwa sekunde nne, hilo ndilo jibu, hata kama mdomo unasema iko vizuri sana.

Kabla ya kuanza nasema maneno mawili, na siyaachi hata siku moja: "Tunaipima programu, hatukupimi wewe. Ukikwama, kosa ni letu." Watu wazima wengi wanaingia kwenye chumba kile wakiwa na hofu ya shule, wakidhani wataonekana hawajasoma. Wengine wanaogopa kuharibu simu ya watu. Mweleze kwamba hakuna pesa ya kweli ndani yake na hakuna kitakachoharibika. Ikiwezekana weka programu kwenye simu yake mwenyewe, yenye kioo chake kilichopasuka na maandishi aliyoyakuza. Kwenye simu yetu mpya kila kitu kilitosha kwenye skrini. Kwenye simu ya mama yule, maandishi yalikuwa makubwa kiasi kwamba kitufe cha "Hifadhi" kilizama chini, na hakujua kwamba anatakiwa kusogeza.

Ushauri wa kawaida ni kumwambia mtu awaze kwa sauti, njia ambayo Clayton Lewis aliieneza akiwa IBM mwaka 1982. Inafanya kazi kwa vijana. Kwa mtu mzima, kuongea peke yake mbele ya mgeni ni kitu cha ajabu, na mara nyingi ananyamaza au anaanza kukusimulia wewe anachodhani unataka kusikia. Dawa niliyoipata ni kuwakalisha wawili, watu wanaojuana, na simu moja. Naomi Miyake wa Japani aliandika mwaka 1986 jinsi watu wawili wanavyoelewa kitu wakibishana juu yake, na wapimaji wa programu wakaichukua njia hiyo. Kwetu inakaa kama imezaliwa hapa. Mweka hazina na katibu wa kikoba, weka simu katikati yao, na huhitaji kumwambia yeyote awaze kwa sauti: "Hapana dada, hiyo ni ya marejesho." "Marejesho yako wapi, si nimeona faini hapa?" Unaandika mpaka mkono unauma. Hasara yake ni kwamba mmoja akiwa na cheo au umri mkubwa, mwingine anamwachia. Basi mwenye cheo asishike simu, ashike yule mdogo.

Gharama: nauli ya kuja na kurudi, chai, na kitu kidogo cha kushukuru. Sisi tulitoa shilingi 10,000 kwa kila mtu. Mfanyabiashara wa genge aliyefunga genge lake asubuhi nzima amepoteza mauzo, na kumlipa soda pekee si haki.

Karatasi

Laiti tungeanza na hii, maana tungeokoa miezi miwili. Unachora kila skrini kwenye kipande cha karatasi, unamwekea mtu mbele, anabonyeza kwa kidole. Mwenzako mmoja anakuwa kompyuta: mtu akibonyeza "Hisa", anaondoa karatasi ile na kuweka ya hisa, kimya kimya. Yule mama angelibonyeza "Toa" la penseli kwa imani ileile aliyobonyeza lile la kwenye kioo, nasi tungelifuta kwa raba.

Kuna faida nyingine iliyonishangaza. Mbele ya karatasi ile adabu hulegea. Mtu akiona kitu kinang'aa, kimekamilika, anaona vibaya kukikosoa. Akiona mchoro wa penseli uliopinda anachukua kalamu na kukuchorea mwenyewe. Mzee mmoja alituandikia kwa mkono wake "jina la mwanachama liwe juu, herufi kubwa", kwa sababu kwenye daftari lao ndivyo lilivyo, na wakiwa kwenye kikao ndilo wanalolitafuta kwanza.

Karatasi haipimi kasi, haipimi mtandao unaokatika, wala vidole vikubwa juu ya kibodi ndogo. Na kama unatengeneza menyu ya kitochi, ile ya nyota na reli, karatasi itakudanganya upande mmoja: haikati. Menyu halisi ya USSD hukatika mtu akikawia, na asomaye polepole anatupwa nje kabla ya kufika mwisho. Kwenye karatasi anafika kila mara. Kwa hiyo anza na karatasi, halafu kaa na mtu akiwa na kitochi mkononi.

Kijiweni

Unakwenda kwenye kijiwe cha bodaboda, kwenye foleni ya mama lishe, stendi. Unamwomba mtu dakika tano. Joel Spolsky aliliweka jambo la namna hii mwaka 2000 katika maswali yake 12 ya kupima timu ya programu: je, mnawashika watu wapitao koridoni na kuwajaribisha mlichokiandika? Ni haraka, na hujisumbui kupangana na mtu.

Nguvu yake ni kwenye maneno ya watu wote. Tulipokuwa hatujaamua tuandike "nywila", "nenosiri" au "namba ya siri", saa moja kijiweni ilitosha. "Nywila" ilisomwa kama jina la mtu. "Namba ya siri" haikumsumbua hata mmoja, kwa kuwa kila mmoja wao ana miamala ya simu na hilo ndilo neno analokutana nalo. Tulikuwa tumebishana juu yake wiki nzima ofisini.

Udhaifu wake ni kwamba dereva wa bodaboda si mweka hazina. Kitufe cha "Toa" tulikionyesha kijiweni pia, na vijana wawili kati ya wanne walikisoma kama tulivyokisoma sisi. Hawajawahi kukaa na sanduku la kikoba lenye kufuli tatu, hawasemi "anatoa hisa" kila Jumamosi. Kwa programu ya watu wote, nenda kijiweni. Kwa programu ya watu wa kazi fulani, usimtegemee mpita njia.

Kwa mbali

Watumiaji wako wakiwa Kigoma nawe uko Dar es Salaam, au wakiwa Muscat na Nairobi, simu ya video ni msaada mkubwa. Siku hizi WhatsApp inamruhusu mtu kukushea skrini yake, unaona anachobonyeza na kumsikia anachosema. Mtumie bando mapema, siyo baada. Umepoteza sura yake na mikono yake, na ukimya wake kwenye simu huwezi kujua kama ni kufikiri au ni mtandao. Pia njia hii inakuchagulia watu: itakuletea wenye simu janja, wenye mtandao mzuri na waliozoea mambo haya, ambao ndio walikuwa wanakuhitaji kidogo kuliko wengine. Sisi tuliitumia kwa duru ya pili tu.

Bonyezo la kwanza

Hii ni ndogo lakini naipenda. Unapiga picha ya skrini, unamtumia mtu wako kwa WhatsApp na swali moja: "Mwanachama ameleta mchango. Ungebonyeza wapi kwanza? Zungushia." Bob Bailey na Cari Wolfson wa Marekani waligundua katika vipimo vyao kwamba bonyezo la kwanza likiwa sahihi, mtu hufanikiwa kumaliza kazi mara 87 katika 100, likiwa si sahihi, mara 46 tu. Basi jioni moja, wanakikoba kumi, picha moja, unajua kama mlango uko mahali pake. Hutajua kwa nini wamekosea. Hapo ndipo unapopiga simu kwa mmoja.

Dodoso

Linalojulikana zaidi lilitungwa na John Brooke mwaka 1986 akiwa kampuni ya Digital huko Uingereza: kauli kumi, kila moja unaipa alama 1 mpaka 5 kadiri unavyoikubali, na mwisho unapata alama kati ya 0 na 100. Wastani unaotajwa sana ni 68. Ni zuri kwa kulinganisha toleo la mwaka jana na la mwaka huu, na kwa kumwonyesha mfadhili namba.

Kwa kutafuta kosa, halifai. Kauli zake zinapishana, moja inasifu, inayofuata inakosoa, ili kumzuia mtu asijibu bila kusoma. Ukimsomea kwa sauti mtu mwenye adabu zile nilizozitaja, anakubali kila kitu. Piga hesabu: kauli za kusifu unatoa moja kwenye alama yake, za kukosoa unatoa alama yake kwenye tano, unajumlisha, unazidisha kwa 2.5. Aliyejibu 5 kote anapata 50. Aliyejibu 4 kote anapata 50 vilevile. Katika majibu sita tulipata alama 50 mara tatu, tukadhani programu ni ya wastani. Haikuwa na maana yoyote. Ilikuwa heshima yao kwetu. Ukilitumia, mpe mtu alijaze mwenyewe baada ya kuitumia programu, na ukiona hamsini nyingi, uliza tena.

Takwimu za matumizi, zile zinazojikusanya zenyewe, ziko upande huohuo. Zetu zilionyesha watu wanabonyeza "Toa" kisha "Futa" mara nyingi. Tulidhani wanajaribu programu.

Kile ambacho saa moja haiwezi kuonyesha

Njia zote hizo zinakuonyesha kama mtu anaweza kufanya unachomwambia afanye. Hazikuonyeshi angefanya nini usipomwambia. Mfano mkubwa tunao hapa jirani. Mwezi Oktoba 2005, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, pamoja na Safaricom, walianza majaribio ya M-Pesa nchini Kenya kwa wateja wa Faulu Kenya, wasiofika 500, katika Nairobi na Thika. Programu ilikuwa ya kulipia marejesho ya mikopo midogo. Watu wakaigeuza. Walikuwepo waliotumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, wafanyabiashara waliolaza mauzo ya siku ndani yake, na wasafiri walioweka pesa mji mmoja na kuzitoa mji mwingine ili wasitembee na fedha taslimu. Ilipozinduliwa Machi 2007, ilikuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani.

Majaribio yale yalikuwa na fedha nyingi nyuma yake, lakini umbo lake dogo unaliweza: wape kikoba kimoja programu kwa wiki nne, na kila wiki nenda ukae kwenye kikao chao nyuma, kwenye kiti cha mgeni. Utakuta, kama tulivyokuta, kwamba simu haishikwi na mweka hazina bali na binti yake, na daftari bado linaandikwa sambamba. Hilo lilitubadilishia mpango mzima.

Kwa hiyo uchague njia ipi

Hujaandika chochote bado: karatasi, wiki hii. Unayo programu inayotembea na una siku moja: watu watatu wa kazi hiyo, wawili wawili ukiweza, nawe ukae kimya. Mnabishana juu ya neno moja: kijiweni au bonyezo la kwanza, jioni hiyohiyo. Watu wako wako mbali: simu ya video, ukikumbuka ni akina nani wasiofikika kwa njia hiyo. Mfadhili anataka namba: dodoso, juu ya kutazama, kamwe si badala yake.

Na popote unaporekodi sauti au skrini ya mtu, omba ruhusa kwa lugha anayoielewa na umwambie utaifuta lini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Tumia majina na kiasi cha fedha vya kubuni. Deni la mwanakikoba si la kuonekana na mgeni.

Kitufe chetu kwanza tulikibadilisha kikawa "Weka". Mama wa pili akauliza, "Niweke wapi?" Tukajaribu "Pokea", na katibu mmoja akasubiri pesa ije yenyewe kwenye simu. Mwishowe tulirudi kwenye daftari lao la mkono, lile lenye safu mbili zilizopigwa mstari kwa rula, tukanakili vichwa vyake kama vilivyo: "Imeingia" na "Imetoka". Tuliwajaribisha watu watatu, na hakuna kidole kilichosita.